Pini Iliyokunjwa kwa Nje

Chini ya mdomo wa stepla pana kibamba kidogo cha chuma chenye vijishimo viwili. Pini ikishuka, miguu yake hugonga vijishimo hivyo ikakunjwa kwa ndani, ncha zikaelekeana. Watu wengi hutumia stepla kwa miaka bila kujua kwamba kibamba hicho huzunguka. Ukikisukuma kwa kidole kutoka upande wa chini, kinainuka. Ukikigeuza nusu mzunguko, vijishimo vingine vinakaa mahali pa vile vya kwanza, na pini zinaanza kukunjwa kwa nje, mguu mmoja kulia na mwingine kushoto. Pini ya namna hiyo imekusudiwa kushika karatasi kwa muda tu. Ukiivuta kwa ukucha inatoka bila kuchana kitu.

Deodata aligundua hayo Jumapili moja, nyumbani kwake Nyarubungo, alipokuwa akikwamua stepla yake. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga pamoja na jirani yake Limi, aliyehamia pale na mumewe kutoka Shinyanga. Limi alikaanga, Deodata alijaza kwenye vifuko vya plastiki na kubana midomo yake kwa pini. Wauzaji wengine huziba kwa moto wa mshumaa, lakini moto huacha masizi, na wateja hawapendi. Wateja wao wengi walikuwa wanafunzi, nao walikuwa na lalamiko moja: pini ni ngumu, zinachoma vidole, mpaka mtu achane kifuko kwa meno na nusu ya karanga zimwagike.

Kwa hiyo Deodata alikigeuza kibamba. Kifuko cha kwanza alikijaribu mwenyewe. Alivuta, pini ikaja. Akaridhika. Hakujiuliza pini inayotoka kirahisi namna hiyo itaangukia wapi.

Alhamisi alasiri Limi alikwenda kuokota kuni, akamwacha binti yake Happy kwenye mkeka uani kwa Deodata. Happy alikuwa na umri wa miaka mitatu na alizoea kushinda pale, na siku hiyo alipewa kifuko chake cha karanga. Deodata alikuwa amekaa mbele ya beseni la karanga. Stepla ilikuwa tupu. Alivuta kifuniko nyuma, akalaza mstari mpya wa pini kwenye mfereji wake, miguu chini, akaachia springi iusukume mbele. Alibana mara moja hewani kuhakikisha pini inatoka vizuri. Nyuma yake mtoto akaanza kukohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Mwili mzima wa mtoto ulijikunja, macho yakatoka, midomo ikapoteza rangi yake. Deodata alimwinamisha na kumpiga mgongoni kwa kiganja. Vipande vya karanga vikatoka. Happy akavuta pumzi kwa mlio mrefu, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Baada ya muda mfupi alikuwa ameketi, machozi yakimtiririka, akinyoosha mkono kutaka karanga zake.

Kifuko kilikuwa kwenye mkeka, wazi. Deodata alikiokota ili akitupe, ndipo akaona matundu mawili madogo mdomoni mwake. Pini haikuwepo.

Aliikunjua mikono ya mtoto. Akamfungua kinywa na kutazama chini ya ulimi. Akakung'uta gauni. Akapapasa mkeka, kisha udongo kuuzunguka. Kila jambo alilolifanya lilimpa jibu lile lile.

Limi alirudi na mzigo wa kuni kichwani. Alimkuta jirani yake amepiga magoti kama mtu anayetafuta hereni.

"Umepoteza nini, Mama Abeli?"

"Tua kuni kwanza, Mama Happy."

"Nimekuuliza umepoteza nini."

"Pini. Ilikuwa kwenye kifuko cha mtoto. Amekohoa sana, na sasa siioni."

Mzigo ulianguka wenyewe. Limi alimnyakua mwanawe, akamgeuza huku na huku, akambonyeza tumbo. "Unaumwa wapi, mama? Wapi?" Happy alionyesha goti, palipokuwa na kidonda cha juzi.

Kelele zilimleta bibi Eufrazia kutoka nyumba ya tatu. Hata katika hali ile Limi alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kabla ya kuuliza kulikoni. Alipoelezwa alicheka.

"Pini tu? Mimi wangu alimeza shilingi, ile ya zamani, nzito. Ikatoka. Mpeni ndizi mbivu, tonge nene nene, aimeze bila kutafuna. Itashuka nayo."

Limi aliingia ndani kwake mbio. Deodata hakuwa na hoja ya kumzuia. Alikuwa na woga tu, na woga si hoja. Akakumbuka redio mbovu ya mumewe. Aliivunja spika yake juu ya jiwe, akatoa sumaku, akaanza kuipitisha juu ya mkeka, polepole, mstari kwa mstari kama mtu anayepiga deki. Alipofika ukingoni akashuka kwenye udongo.

Sumaku ikanasa kitu. Akaigeuza. Pini moja, kavu, ina mavumbi.

"Hii hapa!" Limi alipiga kelele. Alikuwa amesharudi, ndizi mkononi imemenywa nusu. "Hii hapa! Asante, Mungu wangu! Asante!"

"Mnataka kuniua kwa presha kwa ajili ya kawaya kama haka," alisema Eufrazia. "Haya, mtoto apewe ndizi yake kwa furaha, nami niende nikageuze maharage."

Limi alikuwa akilia na kucheka. Alimkumbatia kwa nyuma Deodata, ambaye bado alikuwa amepiga magoti. Deodata hakugeuka. Alikuwa ameiweka ile pini kwenye kiganja na kuitazama. Miguu yake ilikuwa imekunjwa kwa ndani.

Angeweza kufunga kiganja. Hilo alilijua wakati ule ule. Mama alikuwa na furaha, mtoto alikuwa akicheza na maganda, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kwamba stepla ile ilikuwa imebadilishwa. Kama ile pini nyingine, iliyomo mwilini mwa mtoto, ingetoka salama yenyewe, hakuna ambaye angewahi kumuuliza kitu. Kama isingetoka salama, kusingekuwa na faida ya kuuliza.

"Siyo yenyewe," alisema.

"Siyo yenyewe kivipi?"

"Hii ni ya zamani. Ona, imekunjwa ndani. Tangu Jumapili nakunja kwa nje."

"Mama Abeli, pini ni pini!"

Deodata alichukua kifuko kitupu, akakibana, akaivuta pini na kuilaza kando ya ile ya kwanza. Moja ilikuwa imejifunga kama mdudu aliyekufa. Nyingine ilikuwa imetanua miguu, ncha mbili wazi. Kisha akamwonyesha kifuko cha Happy: matundu mawili safi, hayakuchanika. Pini iliyokunjwa ndani isingetoka bila kuchana plastiki.

Limi alizitazama kwa muda. "Kwa nini uligeuza?"

"Ili zifunguke kirahisi."

Ndizi ilimponyoka akaiokota tena, bila kuitazama.

"Basi ndiyo mumpe haraka," alisema Eufrazia, safari hii bila kucheka. "Ndizi itafunika hizo ncha."

"Kama iko tumboni, bibi. Kama iko kifuani, ndizi itamziba."

"Utajuaje iko wapi, wewe daktari?"

Swali lilikuwa la haki. Deodata alimvuta mtoto karibu na kuweka sikio mgongoni kwake. Upande wa kushoto pumzi iliingia na kutoka kama kawaida. Upande wa kulia ilipita kwa shida, na nyuma yake palikuwa na mluzi mwembamba sana, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Alirudia pande zote mbili ili asijidanganye. Mluzi ulikuwepo.

"Sikiliza," alimwambia Limi.

Limi aliweka sikio. Alipoinua kichwa, aliirusha ndizi mbali.

Malongo, kijana wa bodaboda aliyekuwa akisambaza karanga zao madukani, alifika baada ya simu moja. Limi alikaa katikati, mtoto wima kifuani kwake. Deodata alikaa nyuma na kuwashikilia wote wawili.

"Naenda mbio au polepole?" aliuliza Malongo.

"Mbio," alisema Limi.

"Usirushe," alisema Deodata. "Kila shimo, pita kando."

"Dada, barabara hii yenyewe ni shimo."

Walikwenda namna hiyo hadi Biharamulo mjini, na kila pikipiki iliporuka Deodata aliona kichwani ncha mbili zikiruka pia, ndani ya mtoto, mahali pasipo na mfupa wala ngozi ngumu. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika hospitalini. Daktari wa zamu aliitwa Claudia, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alisikiliza mgongo wa Happy sehemu ile ile aliyosikiliza Deodata, akaagiza eksirei.

"Amekula chochote tangu akohoe?"

"Hapana," alisema Limi.

"Maji?"

"Hapana."

"Vizuri. Asipewe kitu chochote."

Picha ilipotoka, daktari aliiinua mbele ya taa. Mbavu zilionekana kama vivuli vya fito. Kati yake, kulia, palikuwa na mstari mweupe mfupi, wenye miguu miwili iliyotanuka. Haukuhitaji maelezo. Limi aliweka mkono mdomoni.

"Iko kwenye njia ya hewa," alisema daktari. "Hapa hatuna kifaa cha kuifikia. Anakwenda Mwanza usiku huu, gari linaandaliwa. Mama, nisikilize. Njiani asilie. Akilia anavuta hewa kwa nguvu, na hatutaki isogee. Kwa hiyo na wewe usilie. Akikuona umeogopa, ataogopa."

"Sasa nitafanyaje, daktari?"

"Cheza naye."

Limi alishusha mkono. Alifuta uso kwa khanga, pande zote mbili, kisha akamgeukia mwanawe na kumuuliza kwa Kisukuma kama aliwahi kuona gari linalolia kama mbuzi. Happy alisema hajaona. Limi akalia kama mbuzi. Deodata alilazimika kutoka nje.

Daktari alimfuata mlangoni. "Wewe ndiye uliyefunga hizo karanga?"

"Mimi."

"Nyingine ziko wapi?"

Deodata alifungua mdomo kujibu, na jibu likamjia zima zima kabla ya sauti. Dukani kwa Yuster, mkabala na shule. Stendi. Sokoni. Vifuko vya Jumatatu, Jumanne, Jumatano, vyote vimebanwa kwa pini ya namna ile ile, na nusu ya wanunuzi wake walikuwa wamezoea kufungua vifuko kwa meno.

Gari liliondoka na mama na mtoto. Nafasi ilikuwa ya mmoja. Limi hakumuaga; alikuwa akihesabu vidole vya Happy kwa sauti ya mzaha na hakuthubutu kuacha.

Jioni ile na Ijumaa kutwa Deodata na Malongo walizunguka. Stendi alipata vingi, sokoni vichache. Kila alichokipata alikifungua palepale, akatoa pini na kuitia kwenye kopo, akamwaga karanga kwenye gunia la takataka. Wauzaji walimshangaa. Mmoja alimuuliza kama amerogwa. Yeye aliuliza jambo moja tu kila mahali: kuna mtoto aliyekohoa? Walisema hapana. Hakuweza kujua kama hapana ile ilikuwa ukweli au ni watu kutokuwa na habari.

Simu ya Limi haikupatikana asubuhi. Mchana ililia bila kupokelewa. Deodata aliacha kupiga, kisha akapiga tena, kisha akaacha kwa sababu aliogopa kwamba ingepokelewa.

Alikuwa kwa Yuster, mbele ya rafu ya biskuti, wanafunzi wamejaa kaunta, simu ilipoita. Jina la Limi lilikuwa kwenye kioo. Deodata aliitazama.

"Pokea basi," alisema Yuster. "Au ni mwenye deni?"

Alipokea.

"Imetoka," alisema Limi. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Waliingiza mpira wenye taa. Imetoka asubuhi, lakini alikuwa hajaamka, sikutaka kukwambia kitu nisichokijua."

"Ameamka?"

"Ameamka. Koo linamuuma, hasemi. Ameniminya kidole."

"Anapumuaje?"

"Anapumua."

"Mama Happy, nisamehe. Nataka kusikia. Weka simu mgongoni kwake, upande wa kulia."

Ulisikika mkwaruzo wa nguo. Wanafunzi kaunta walikuwa wakigombania pipi, na Yuster aliuliza kama karanga zote zinaondoka au abaki na mbili tatu. Deodata aliinua mkono kumnyamazisha. Aliziba sikio la pili kwa kidole, akafumba macho, akasikiliza hewa ikiingia. Akaisubiri itoke. Ikatoka, pana, bila mluzi.

"Tena," alisema. "Usiitoe bado."