Wageni wa Tafakuri ya Asubuhi

Tega sikio nikutegee: anaingia nyumba zote asubuhi, habishi hodi, wala hangoji kupewa kiti. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji nikwambie: ni sauti ya redioni.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa makamo, mtangazaji. Kila asubuhi alisoma tafakuri: kwanza kisa cha watu waliodai haki, au waliopatanisha wagomvi, tarehe kama hiyo zamani; halafu shairi. Akisoma kisa, watu wenyewe waliingia studio. Shairi ndilo lililowapa sauti. Mara moja alilisahau, na wabeba mizigo waliowahi kugoma wakashinda ukumbini kutwa wakitazamana, mfagiaji akiwazunguka na ufagio wake.

“Kesho wanakuja wengi?” fundi mitambo alizoea kumuuliza. “Nijue vikombe.”

Tarehe moja tu haikusomwa. Ndiyo siku wasokotaji wa kiwanda cha nyuzi, hapo hapo mjini, walipogoma, wakapigwa risasi, na miili yao isionekane. Baba yake mtangazaji alikuwa mmoja wao; mdogo wake wa mwisho, aliyezaliwa na mguu mbovu, sasa ni kibarua humo humo. Kwa kuwa kiwanda ndicho kilichoilisha redio kwa matangazo, siku hiyo ulipigwa muziki mtupu.

Mwaka huu, siku hiyo ilipofika, mama yake aliandamana naye kazini.

“Nimechoka kungoja, mwanangu,” alisema. “Nina swali moja tu kwa baba yako.”

Mtangazaji akasoma kisa cha wasokotaji. Wakaingia, pamba nyweleni, baba yake nyuma yao, kijana kuliko binti yake.

“Shati lile lile!” mama akasema. “Na kifungo hata hukuningoja nikishone. Baba watoto, walikuzika wapi?”

Baba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shairi la siku ile hakuna aliyewahi kuthubutu kulitunga.

Meneja wa redio akaingia, akawaamkia wageni mmoja mmoja kwa adabu, kisha akazima kipaza sauti na kuweka tangazo la kiwanda.

“Mniwie radhi, wazee wangu,” alisema. “Nami nina watoto wanaokula.”

Maisha yake yote mtangazaji alisoma tungo za wengine. Yeye hata ubeti hakuwahi kutunga. Akasukuma kando kipaza sauti, akasimama, akatunga papo hapo:

“Kwa udongo walifumba vinywa vyenu na mikono;
Enyi wasokota pamba, leo sokoteni neno.”

Wote wakavuta pumzi kwa pamoja, hata karatasi zikapeperuka mezani. Fundi akavua kofia, akaendelea kumimina chai. Redioni tangazo liliimba bei za nyuzi, na ng’ambo ya barabara kiwanda kilinguruma kama kawaida.

Baba akaketi kando ya mkewe, akauchukua mkono wake uliokunjamana.

“Tuko chini ya ile mashine kubwa kiwandani, sote,” alisema. “Zamu zote tunazijua kwa nyayo. Kitinda mimba wetu hupita juu yangu asubuhi, akiburuta mguu wa kushoto.”