Mawe ya Mtu wa Newala

Mtu wa Newala akitaka kumtupia mbwa jiwe, sharti kwanza apande basi ashuke Masasi. Huo ni utani wangu mwenyewe, na kwa miaka tisa nimemtania nao wifi yangu Sophia, mke wa kaka yangu Muharami, mzaliwa wa Chilangala. Kule juu kwao ni mchanga na mikorosho mpaka macho yachoke. Huku kwetu milima ni mawe matupu, yamesimama nyuma ya nyumba zetu kama wageni waliokataa kukaa. Sophia naye hakuwa wa kunyamaza.

"Ndiyo maana vichwa vyenu vigumu, wifi," alikuwa akinijibu huku anakoroga sukari yake.

Sukari, kwa sababu Sophia hupika kashata za korosho, na Masasi nzima hakuna anayemfikia. Zake zinang'aa na zinakatika kwa meno bila ugomvi. Mimi nilikuwa nasema kuchemsha sukari si kazi ya kumtoa mtu jasho. Nilikuwa nasema mengi.

Basi siku ya harusi ya binti wa jirani, Sophia alikula sahani mbili za pilau, akanawa, kisha akashika upande wa kulia chini ya mbavu na kuinama. Nikamcheka, nikidhani ni shibe. Alipoanza kutapika nikaacha kucheka.

Hospitalini walimpima kwa altrasaundi wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo, matatu makubwa na mengine madogo madogo. Daktari alikuwa kijana mwembamba, jina lake Walter, aliyeniamkia shikamoo kabla hata sijakaa, nikampenda papo hapo. Alisema mfuko huo utolewe kwa upasuaji, na tusicheleweshe.

Habari zilipanda Newala kabla hatujafika nyumbani. Mjomba wake Sophia, mzee Jafari, akapiga simu.

"Tuliwapa binti hana hata kokoto. Mmemjaza mawe yenu!"

"Shikamoo mjomba," nikamjibu. "Kumbe ndiyo maana huko kwenu hakuna mawe. Mliyameza yote!"

Tulicheka mpaka salio likaisha. Sophia hakucheka. Aliniita uani, akaniambia neno moja tu.

"Mwanangu Tahiri ana miaka minne, wifi. Wakinipasua nisiamke, hataikumbuka hata sura yangu."

Hapo nilipaswa kumshika mkono nimrudishe kwa yule kijana wa shikamoo. Badala yake nikajitia udaktari. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa sauti uliozunguka kila kikundi: kikombe cha mafuta ya zeituni, kikombe cha maji ya ndimu, unywe, ulale, asubuhi mawe yatoke yenyewe. Nikamsikilizisha. Sophia akachangamka, kwa kuwa ndimu anaijua kuliko mimi.

"Shira ikitaka kurudi mchanga, unakamua ndimu, inatulia," alisema. "Kwa nini tumboni isiwe hivyo?"

Akanywa. Asubuhi yakatoka, ya kijani, laini kwa nje, ishirini na matatu. Niliyaokota, msiniulize vipi, nikayaosha na kuyatia kwenye chupa ya jemu, nikaiweka kando ya mtungi kwenye ubaridi. Kila aliyeingia nyumbani nilimwonyesha. Nikapiga picha nikamtumia mzee Jafari: mawe yenu tumeyatoa, njooni mchukue. Upasuaji ukasahaulika. Muharami akanisifu mbele ya watu, nami nikasifika vizuri kabisa.

Wiki mbili baadaye mambo yakatumbukia nyongo. Sophia aliamka macho yamegeuka manjano, homa imepanda, na yale maumivu yamerudi na ndugu zake wote. Tukakimbia hospitali, mimi nikiwa na chupa yangu ya jemu kwapani ili daktari asije akasema hatukujitahidi.

Daktari Walter aliitazama chupa. Akaifungua, akaiweka dirishani kwenye jua, akarudi kumpima mgonjwa. Jiwe moja dogo, alisema, limetoka kwenye mfuko na kuziba njia ya nyongo. Kisha akavuta kiti, akamsemesha Sophia na si sisi.

"Mama Tahiri, nyongo si maji matupu. Ndani yake kuna mafuta, chumvi na protini. Mafuta yakizidi yanataka kuganda. Protini nyingine zinayazuia, nyingine zinayasukuma. Ile ya ute ndiyo mbaya, inazikamata chembe na kuzibandika moja kwa nyingine, na jiwe linakua juu ya jiwe. Wataalamu wenyewe bado wanabishana ipi inafanya kiasi gani."

Sophia, macho yake ya manjano, akajiinua kitandani.

"Kama punje ya sukari ukingoni mwa sufuria," alisema. "Ukiiacha moja tu, shira yote inaifuata, inarudi mchanga."

"Hivyo hivyo."

"Na zile zinazozuia ndiyo ndimu."

"Hivyo hivyo, mama. Umenishinda mimi niliyesoma."

"Sasa mbona nilikunywa ndimu?"

Daktari alitabasamu kwa huruma. "Sufuria yako iko jikoni. Ndimu uliikamulia uani. Unachokunywa kinapita tumboni, hakiingii kwenye ule mfuko."

"Na haya je?" nikauliza, nikinyoosha kidole dirishani kama mtu aliyeshika ushahidi.

Sote tukageuka. Mawe yangu ishirini na matatu yalikuwa yamelegea na kushikana, mengine yamekuwa uji wa kijani chini ya chupa. Daktari akaeleza kwa upole kwamba yale mafuta, yakikutana na maji ya tumboni, hugeuka madonge ya sabuni. Mawe yenyewe hayakutoka mwilini hata moja.

Nimezaliwa Masasi. Nimekulia chini ya majabali. Jua la Masasi nimeliona likipasua vigae, lakini jiwe kuyeyuka dirishani, hilo sijaliona. Na mtu wa kwanza kudanganyika na jiwe la kuyeyuka nikawa mimi. Nilitamani sakafu inimeze.

"Nisamehe, wifi," nilisema mbele ya kaka yangu na mbele ya kijana wa watu. "Ulikuwa unaogopa, nami nikakupa cha kukufurahisha badala ya cha kukuponya."

Sophia akamgeukia daktari. Akamwambia yuko tayari kupasuliwa.

"Ila kesho kutwa nimeahidi kashata za hitima kwa jirani yetu Mama Mujibu," akaniambia. "Utazipika wewe. Kuchemsha sukari si kazi."

Siku ya upasuaji nilisimama jikoni na sufuria yake, Tahiri amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilipika huku nalia waziwazi, sioni haya kusema. Kila simu ilipoita mwiko uliniponyoka. Muharami alipopiga kusema ametoka salama na amefungua macho, nilikaa chini sakafuni, na kashata zikagandia sufuriani.

Kesho yake nikampelekea moja, si ya kula, ya kuona tu. Alikuwa amelala, uso umechoka, macho yameanza kuwa meupe. Kando ya kitanda kulikuwa na kichupa chenye mawe matatu ya kahawia, magumu, ya kweli.

"Moja nampelekea mjomba Jafari," alinong'ona. "Newala nao wawe nalo."

Akaichukua kashata yangu, akaibonyeza kwa vidole viwili. Ikamomonyoka yote juu ya shuka, mchanga mtupu. Mama Mujibu alikuwa amezipokea hivyo hivyo kwa heshima ya mgonjwa.

"Wifi," alisema, "hukutia ndimu."

Niliangalia chini. Siku ile jikoni ndimu zilikuwepo, kikapu kizima, mezani mbele yangu. Tangu siku ile ya dirishani nilikuwa siwezi hata kuzigusa. Nikamwambia hivyo.

Sophia akakung'uta mchanga kwenye shuka, polepole, kwa sababu ya nyuzi za upasuaji, kisha akanishika mkono.

"Ndimu haina kosa, wifi," alisema. "Sufuria ndiyo tuliyokosea."