Kitufe cha Kaskazini

Jumanne saa tatu na robo asubuhi, Corinne Pruitt aliweka donati yake juu ya kitambaa cha karatasi, akafungua tovuti ya kampuni na kubonyeza kitufe cha Kaskazini. Kitufe hicho alikitengeneza yeye mwenyewe. Mteja akichagua upande wa dira, tovuti humwonyesha maduka, zahanati na nyumba zilizo upande huo wa mahakama ya mji, na madereva wa kampuni hupeleka mizigo kwa kufuata orodha hiyo hiyo. Kusini kulikuwa na sehemu mia mbili na kumi. Mashariki na magharibi, tele. Kaskazini, sifuri.

Kaskazini kwenyewe kulikuwa kumetoweka tangu Ijumaa, siku kitufe kilipowashwa. Aliyevuka reli kwenda kaskazini akitazama mbele alijikuta amerudi mlangoni pa mahakama, mfuko wake mkononi. Watu walizoea upesi. Kufika huko ilibidi utembee kinyumenyume, uso ukielekea kusini, na kufikia Jumatatu posta ilikuwa imeshawafundisha watarishi wake. Mabata bukini, ambao kila Aprili hupita hapo wakirudi Kanada, walipita mkia ukitangulia, wakipiga kelele zao zile zile. Mtu mmoja alilalamika kwamba wamemchafulia gari.

Corinne alikuwa na lake la kumkosesha usingizi. Mama yake, Odessa, aliishi maili mbili ng'ambo ya reli, mgonjwa wa sukari, na mguu wa kushoto haumbebi tena. Insulini yake ililetwa kila wiki na madereva wa kampuni kutoka kusini, maana duka la dawa la kaskazini lilifungwa miaka mingi iliyopita. Kwenye friji yake ilibaki chupa moja, nayo haikujaa.

Kosa alilipata kabla donati haijaisha. Dira huanza na sifuri kaskazini, ikazunguka hadi mia tatu na sitini, kwa hiyo kaskazini hukaa pande zote mbili za sifuri. Corinne alikuwa ameiagiza programu itafute sehemu zilizozidi digrii mia tatu na kumi na tano na papo hapo zisizofika arobaini na tano. Namba ya namna hiyo haipo duniani. Ni kosa ambalo kila mtu wa kazi hii hulifanya mara moja, akacheka, akasahau. Corinne hakucheka. Alibadilisha mstari mmoja wa programu, akaujaribu, na kupitia dirishani akauona mnara wa maji wa kaskazini umesimama mahali pake. Alipofunga jaribio, mnara ukaondoka. Akaenda kwa bosi wake kuomba ruhusa ya kuwasha marekebisho.

Garrett Lindqvist alikuwa anatazama chati.

"Corinne, njoo uone raha! Malalamiko yamepungua nusu. Mizigo inafika mapema. Nyota nne nukta nane, hatujawahi!"

"Yamepungua kwa sababu wenye kulalamika hawaonekani, Garrett."

"Ndiyo hivyo."

"Mama yangu anakaa huko."

"Pole, jamani. Pai yake ya viazi vitamu mpaka leo naiota. Lakini wenye hisa wanakutana Juni. Kosa hilo tuliweke kwenye foleni ya kazi za baadaye, eh? Kwani kuna mtu kafanya makusudi?"

"Nilikosea mimi."

"Basi hongera."

Alisema kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Corinne kuliko tusi.

Jumatano jirani wa Odessa, mzee Truman Ashby, alibanwa kifua. Gari la wagonjwa lilimfuata kinyumenyume maili mbili, king'ora kikilia, dereva akichungulia vioo kwa uangalifu. Mzee hakusubiri; walimkuta amekata roho. Taratibu zote zilifuatwa.

Alhamisi Corinne alinunua insulini mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wa barafu, akavuka reli kisigino kikitangulia. Kando yake mwanamke mwenye kapu la nguo alikuwa akirudi nyuma vilevile.

"Binti, shimo hilo nyuma yako! Macho huna?"

"Ninayo, ila yapo upande huu."

"Yetu sote yapo upande huo," alisema mwanamke, akaendelea na safari.

Njia nzima Corinne aliitazama ofisi yake ikizidi kuwa ndogo. Garrett alisimama dirishani, akampungia mkono. Corinne, kwa mazoea, naye akapunga, kisha akaona aibu hadi masikio yakamwaka.

Odessa alikuwa barazani. "Ngazi tatu," alimwongoza. "Moja. Mbili. Haya, umefika."

Waliingia jikoni.

"Kosa lenyewe umeliona, mwanangu?"

"Nimeliona, Mama. Tangu Jumanne."

"Lilikuwa gumu?"

"Mstari mmoja."

"Umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

Odessa alimtazama.

"Sasa mbona umekuja kinyumenyume?"

Corinne alifungua friji, akazipanga chupa mlangoni moja moja, akasema atakuja tena Alhamisi ijayo.