Koti Lililosahauliwa Bondeni

Ma Cletha, jirani yetu, anasema mlima ulimkamata Ione mguu kwa sababu ya picha. Anasema Ione alipanda juu ya jiwe kule Bonde la Ukiwa, akaweka mkono kiunoni, akamwambia mgeni wake kutoka kisiwa cha Martinique ampige nyingine kwa kuwa ile ya kwanza hakutoka vizuri. Hapo ardhi ikafunguka kama mdomo, ikamuuma mguu mpaka kwenye kifundo. Anasema kelele zake zilisikika mpaka Ziwa la Maji Baridi, ambako shemeji yake Ma Cletha alikuwa akikata majani ya mbuzi. Ma Cletha mwenyewe hajafika bondeni tangu alipoolewa, na sasa ana wajukuu saba, lakini anasimulia kama vile kamera aliishika yeye.

"Kujipenda kule," alimalizia, huku akimenya magimbi. "Wewe Anselma huwezi kupatwa na hayo. Wewe mlima umekuzoea kama punda."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Nilijua haikuwa picha.

Ione ni binti wa mama yangu mdogo. Nimemzidi miaka miwili. Tulilelewa nyumba moja hapa kijijini Laudat, tukilala kitanda kimoja, na nywele zake nilizisuka mimi mpaka alipojua kwamba kuna watu mjini wanaosuka vizuri zaidi. Mimi nilimaliza darasa la sita nikabaki nyumbani, maana bibi alikuwa amepooza upande mmoja na lazima mtu amgeuze. Ione alipelekwa sekondari Roseau. Hakuna aliyenionea, ndivyo ilivyokuwa tu. Bibi alipokwisha kufariki nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaanza kubeba mizigo ya wageni kwa Pa Sylvanus, mwongozaji wa mlimani.

Nilimbebea Pa Sylvanus miaka tisa. Yeye mbele, wageni katikati, mimi nyuma na kamba, maji, mayai mabichi na mabegi ya waliochoka. Mwendo wa saa tatu kupanda mpaka Ziwa Linalochemka, na wa saa tatu kushuka. Kila alichokijua alinifundisha bila kukiita somo. Alikuwa akisimama tu, anasema, "Anselma, sikiliza hapa," nami nasikiliza.

Bondeni ardhi hutembea. Tundu la mvuke lililokuwa hapa mwaka jana, leo liko pale, na lililokufa hufufuka bila kumwambia mtu. Juu ardhi hufanya ukoko mweupe, mkavu, kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na chini ya ukoko huo ni uji unaochemka. Pa Sylvanus alipanga mawe meusi kuonyesha pa kukanyaga mpaka kwenye tundu tunalochemshia wageni mayai. Ardhi ikihama, wa kwanza kuona anayahamisha mawe. Asipoweza, anasema. Kwetu anayeshuka mlimani haendi kwake kabla hajasimama pale Titou njia inapoanzia, kwenye maji moto tunapooshea matope, akaeleza njia ikoje: mti umeangukia wapi, mto umejaa kiasi gani, bonde limebadilika upande gani. Hata mliogombana mnaambizana. Nawajua ndugu wawili ambao hawakusalimiana miaka minne, na kila jioni mmoja alimweleza mwenzake habari za bonde, kisha wakageuziana migongo.

Mtihani wa waongozaji nilifanya mara moja. Ulikuwa na kurasa kumi na moja. Swali la kwanza lilitaka jina la kitaalamu la kasuku wetu. Kasuku huyo nimemwona mara nyingi kuliko aliyeandika swali, ila kwa jina hilo hajawahi kujitambulisha kwangu. Niliandika nilichojua kuhusu anakolala na anachokula. Nilifeli.

Ione alirudi kutoka mjini miaka miwili iliyopita, akakaa na vitabu majuma matatu, akafaulu, akapewa beji ya mwongozaji. Wakati huohuo magoti ya Pa Sylvanus yakagoma. Watu wote walidhani wageni wake atanikabidhi mimi, na mimi nilidhani hivyo kuliko wote. Akampa Ione.

"Ana beji," aliniambia. "Bila beji, ofisi ya misitu wanakurudisha Titou mbele ya wageni. Ningefanyaje, mwanangu?"

Nikambebea Ione. Nilitembea nyuma yake nikiangalia alivyogeuka kuwaambia wageni mambo niliyomwambia mimi. Alinyunyiza utani humo wakacheka. Aliwapaka udongo wa bondeni usoni wakapendeza. Wakifika ziwani, ule moshi ukipanda na maji ya kijivu yakibubujika katikati, walimkumbatia yeye, kana kwamba ndiye aliyeliweka jikoni. Bandarini, meli kubwa zinaposhusha watu, kuna bango la ziwa letu. Ione amesimama ukingoni anacheka. Pembeni, ukiangalia vizuri, kuna mkono umeshika kamba mpaka kwenye kiwiko. Mkono ule ni wangu. Nimelitazama bango lile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa koti.

Jumatano ile Ione alishuka na wageni wake wa Martinique, waliokuwa wakikaa juma zima. Mimi sikupanda siku hiyo. Nilitumwa kwenda na wageni wengine kwenye maporomoko ya Trafalgar kushika mataulo. Jioni Ione akaja jikoni kwetu, akakaa juu ya meza kama zamani.

"Dada," akasema, "yule mama wa Martinique kasahau koti lake kule bondeni, karibu na tundu la mayai. Kalishonewa na marehemu mama yake. Analia hotelini."

"Akalichukue."

"Miguu imemvimba. Na kesho nina watu wa Ziwa la Maji Baridi. Nimemwambia nina dada anayepanda kule kama anakwenda dukani."

"Umemwambia hivyo?"

"Si kweli?"

Ilikuwa kweli. Nikaenda Alhamisi peke yangu, kabla jua halijachomoza vizuri.

Kutembea mlimani bila mgeni ni raha ambayo sijui kuieleza. Nilikunywa maji mtoni, nikapanda ngazi za magogo, nikashuka bondeni nikiwa nimeshika mizizi. Koti nililiona kwa mbali, jekundu, juu ya jiwe. Nikafuata mawe meusi. Jiwe la kwanza, la pili. Kwenye la tatu nikasimama, kwa sababu jiwe lilikuwa na joto. Nilipiga ardhi kwa fimbo mbele yangu, ikajibu kama kopo tupu. Ukoko ulikuwa mzuri kabisa, mweupe, hauna hata ufa. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, nikazunguka mbali kwa upande wa mto wa maziwa, ule wenye maji meupe, nikalifikia koti, nikarudi kwa njia ileile ya mzunguko.

Mawe yale ningeweza kuyahamisha. Mawe saba, kila moja kama kichwa cha mtoto. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilisimama nikayatazama, koti la watu begani, nikasema moyoni mwangu: mwenye beji atayahamisha.

Niliposhuka, Ione alikuwa pale Titou ananisubiri pamoja na yule mgeni. Mama yule alipoona koti alitoa sauti kama anayemwona mtu aliyefufuka, akalichukua mikononi mwangu, kisha akamkumbatia Ione. Akamkumbatia kwa muda mrefu, akimbusu huku na huku. Mimi niliingia majini kuosha matope.

Ione akanijia ukingoni, simu mkononi, bado anacheka.

"Asante, dada. Kesho nawapeleka tena, miguu ya mama imepungua, wanataka kurudia mayai. Bonde likoje?"

Aliniuliza. Watu wakisema hakuuliza, wanamsingizia. Aliniuliza kama inavyopasa, mahali panapopasa.

"Lipo palepale lilipo," nikasema.

Akacheka sana. Akamtafsiria yule mama kwa Kifaransa, naye akacheka.

Ijumaa sikupanda nao. Saa saba mchana nilikuwa palepale Titou nikikunja kamba, mgeni mmoja akashuka mbio, hana kofia, anasema maneno nusunusu. Sikungoja amalize. Sijawahi kupanda vile. Niliwakuta juu ya mgongo wa mlima, waongozaji wawili wa kundi jingine wamembeba Ione kwenye koti lile jekundu kama machela, na mmoja wao amechoka anatetemeka. Kiatu kilikuwa kimevuliwa. Mguu sikuutazama mara mbili.

"Nipeni," nikasema.

Nilimbeba mgongoni kuanzia pale mpaka barabarani. Kichwa chake kilikuwa shingoni mwangu, anapumua huku ameuma meno. Hakulia. Kila ngazi nilimwambia, "Hii ndefu," "Hii fupi," ajiandae. Tulipotokea chini watu walikuwa wamejaa, wenyeji na wageni, wakaanza kupiga makofi. Walikuwa wakimpigia Ione kwa ushujaa wake. Mimi jasho linaingia machoni, ndugu yangu anaungua mgongoni kwangu, na bado kuna kitu ndani yangu kilisikia makofi yale na kikahesabu ni ya nani. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani baada ya siku tisa. Walisema atatembea, lakini apewe muda. Nikahamia chumbani kwake kumhudumia, maana kumgeuza mtu na kumwosha ni kazi ninayoijua. Wageni walimtumia maua na barua. Nilimsomea zile za maneno mepesi.

Jumatatu Pa Sylvanus akaja, anapanda ngazi zetu kwa upande kama kaa. Nikampa chai ya kakao. Alikaa kando ya kitanda, akamtazama Ione mguu, kisha akanitazama mimi.

"Nimekwenda ofisi ya misitu," akasema. "Nimewaambia huyu Anselma mumfanyie mtihani wa kutembea, sio wa karatasi. Mtu atembee naye mpaka ziwani, amuulize njiani. Wamesema watafikiria. Nimewaambia wafikirie haraka, nina wageni wanasubiri."

Miaka yote ile nilingoja maneno yale. Nilidhani yakija nitakaa chini kwa furaha.

"Lakini nina jambo moja," akaendelea. "Nataka nikiweka jina langu juu yako niwe najua. Alhamisi ulikwenda kuchukua koti. Mawe yangu yalikuwaje?"

Ione alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Yalikuwa sawa, Pa."

"Uliyakanyaga?"

"Niliyakanyaga."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ardhi ilifunguka usiku. Hufanya hivyo." Akamgusa Ione bega. "Si kosa lako, binti. Mlima haumpigii mtu hodi."

Akamaliza chai, akashuka ngazi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni tu. Nikarudi na beseni, maana ilikuwa saa ya kubadilisha bandeji. Nikachovya kitambaa, nikakamua, nikaanza kufuta juu ya kifundo, pale ngozi mpya inapoanza.

"Kisigino chako cha kulia kimeliwa upande," Ione akasema. Macho yalikuwa wazi.

"Kipi?"

"Cha kiatu chako. Tangu mwaka jana nakwambia ununue kingine." Alizungumza taratibu, kama anayenisomea barua. "Nilikuwa nimelala pale chini, dada, wanahangaika kunivua kiatu. Sikuwa na pa kutazama ila ardhini. Nikaona nyayo zako kwenye matope. Zimefika jiwe la tatu zikarudi. Halafu zimezunguka mbali, kule kwenye mto wa maziwa, zikaenda, zikarudi."

Niliendelea kufuta. Kitambaa kilikuwa kimekwisha poa.

"Umemsikia Pa," nikasema. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Wewe ukikosa hiyo beji nani atawapeleka? Ma Cletha?" Alijaribu kucheka, mguu ukamuuma, akaacha. "Halafu najua kwa nini hukuniambia. Nilijua muda mrefu una kinyongo. Ile picha ya bandarini, mimi ndiye niliyewaambia wakate. Walitaka kuweka wote wawili. Nikawaambia mmoja anatosha."

Nje mvua ya mlimani ilianza, ile nyembamba isiyo na haraka. Sikujua kama nimchukie upya au nimshukuru kwa kunipa sababu ya nilichomfanyia. Niligundua tu kwamba nimekwisha kumaliza kufuta na bado nafuta.

"Nikipona nataka kurudi kule," akasema. "Wakikupa beji, wewe mbele. Mimi nitabeba mizigo, nitakaa nyuma ya wageni. Nimefikiria sana hapa kitandani, sitanii. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukiona jambo, uniambie. Hata kama siku hiyo hutaki kuniona. Hata kama nimekukosea asubuhi yake." Akanishika mkono uliokuwa na kitambaa, akausimamisha. "Utaniambia, dada?"

Mkono wake ulikuwa wa moto kidogo, kama wa mtu mwenye homa. Niliutazama. Kisha nikautoa taratibu, nikachovya kitambaa kwenye beseni, nikaanza kukikamua.