Ngazi ya Mwaka wa Pili

Siku ya tisa ya kukaa kimya na nafsi yake, Bi Mwandiko aliinuka mkekani magoti yakimuuma na hasira zikimchemka. Dada yake mkubwa ndiye aliyemtia katika balaa hili. "Mdogo wangu, umekuwa mkali hata kwa kuku wa jirani," alimwambia. "Kila asubuhi kaa dakika kumi, funga macho, jisikilize. Humo ndani kuna mtu, na umemsahau." Basi akakaa, akafunga macho, akajisikiliza, na alichosikia ni bomba la jikoni linalovuja na tumbo linalodai chai. Huyo mtu wa ndani, kama alikuwepo, alikuwa amelala fofofo au amehama bila kuaga.

Chuoni alifika amenuna. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya viti na choo cha walimu, na kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake humo ilikuwa ileile: kuandika kwa mkono majina ya wahitimu kwenye vyeti. Ndiyo maana wakamwita Bi Mwandiko. Mkuu wa chuo aliwahi kuleta mashine ya kuchapa, wazazi wakaikataa, wakisema cheti kisichopita mkononi mwa Bi Mwandiko kinafanana na risiti ya duka. Sifa hiyo zamani ilimpendeza. Siku hizi ilimkera, kama kila kitu kingine.

Vyeti vililetwa kutoka makao makuu kwa idadi kamili, kila kimoja na namba yake na mhuri wake. Ukiharibu kimoja, unasubiri kingine miezi mitatu. Asubuhi hiyo alikuwa amebakiza rundo la wahitimu wa uchoraji wa ramani za majengo, na mahafali yalikuwa kesho. Akachovya kalamu, akaanza. Mkono ulikwenda wenyewe, naye akaendelea kugombana kimoyomoyo na dada yake, na bomba, na nafsi isiyotaka kuitika. Alipofika cha kumi na nne akakinyanyua ili apulize wino ukauke.

Lilikuwa jina lake. Majina yake yote matatu yamekaa katikati ya cheti, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliouandika mwaka ule.

"Wewe mwanamke una wazimu," alijiambia kwa sauti.

Alipekua orodha kutafuta mwenye cheti. Alikuwa msichana mmoja mrefu, ambaye jana tu alipita kumwomba asikosee herufi, kwa sababu Jumatatu lazima apeleke cheti halisi kwa mkandarasi, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Bi Mwandiko alikilaza cheti mezani. Mtoto wa watu angekosa kazi kwa sababu ya kiherehere cha mkono wake.

Akatoa wembe mpya. Wino uliokauka unaweza kukwanguliwa, ukiulaza wembe na kwenda polepole, kisha mahali pale ukapasugua kwa ukucha. Mkono ukizidi kidogo tu, karatasi inatoboka. Herufi moja huchukua dakika mbili, na jina lake lilikuwa na herufi ishirini na moja. Kazi hiyo huwezi kuiharakisha, wala huwezi kuinuka katikati ukanywe chai.

Alianzia mwisho, kwenye jina la ukoo. Kwa nini cheti hiki, alijiuliza kwa hasira, wakati vya mafundi umeme na mafundi bomba amevipita miaka yote bila kosa? Jibu alikuwa nalo, lile analompa kila mtu. Yeye mwenyewe alisomea ramani za majengo hapahapa, akaacha mwaka wa pili kwa sababu mama aliugua, na chuo kikampa kazi ya kuandika vyeti kwa muda. Watu wakisikia hivyo humwonea huruma, naye huipokea.

Akakwangua. Mama aliugua, ndiyo. Lakini alipona muhula uleule. Mama mwenyewe ndiye aliyempigia pasi gauni akamwambia, "Rudi shule, mwanangu, mimi sasa mzima." Naye akajibu, "Bado hujapata nguvu, mama." Wembe ukasimama juu ya karatasi.

Kilichomrudia hakukitaka. Mwalimu amebandika ubaoni mchoro wake wa nyumba ya ghorofa, na anaonyesha ngazi kwa rula. Ukipanda, kwenye kipandio cha tisa kichwa kinagonga dari. "Hii ni nyumba ya watu wasio na vichwa," mwalimu akasema. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao ili asilie. Wiki ileile mama akaanza kukohoa, na yeye, Mungu amsamehe, akashukuru. Mama alikufa akidhani ndiye aliyemkatizia mwanawe masomo, na mwanawe akamwacha adhani hivyo.

Alitamani kuutupa wembe na kutoka nje akamkaripie mtu yeyote. Hasira alizokuwa akiwagawia watu miaka yote zilikuwa zake peke yake. Lakini herufi kumi zilikuwa bado, kwa hiyo akabaki kitini, akakwangua, machozi akiyafuta kwa kiwiko yasidondokee cheti.

Alikuwa amekwisha kuliandika jina la msichana wakati mwenyewe alipobisha hodi. "Shikamoo, Bi. Nimekuja kuchungulia tu."

"Marahaba. Chungulia, usishike palipo na wino."

Msichana alikiinua kwenye dirisha. "Mbona hapa pamekuwa pembamba?"

Angeweza kusema karatasi za siku hizi mbovu. "Niliandika jina langu," alisema. "Nilianza kozi yako. Nikaikimbia, kwa sababu ngazi yangu iligonga dari, wakanicheka."

"Ngazi tu?" Msichana alitabasamu. "Yangu iliishia ukutani, Bi. Mwalimu akaniuliza kama wenye nyumba wana mabawa. Nikaenda kulia chooni, halafu nikaichora upya."

"Ukaichora upya. Basi?"

"Basi."

Alipoondoka, Bi Mwandiko aligeuza orodha ya mwaka jana upande usioandikwa, akatafuta rula na penseli. Vipimo vyote alivikumbuka, jambo lililomuudhi zaidi. Akachora kuta, akachora vipandio, akafika cha tisa. Ilitosha kuupanua uwazi wa sakafu ya juu kwa urefu wa vipandio viwili. Vipandio viwili tu, na yeye amevilipa kwa miaka ishirini na mitatu. Alikandamiza penseli hadi ncha ikavunjika, akaichonga kwa wembe uleule.

Simu ikalia. Ni dada yake. "Leo umekaa dakika zako kumi?"

"Nimekaa arobaini. Na huyo mtu wako wa ndani nimemkuta."

"Ehe, anasemaje?"

"Mwoga, Dada. Tena mwongo. Mama alipona muhula uleule."

"Najua. Mama naye alijua. Alituambia tukuache, iko siku utasema mwenyewe."

Bi Mwandiko aliirudisha rula kwenye mchoro. "Mngenigombeza tu," alisema. "Niache sasa, Dada. Nimebakiza vipandio vitano."