Kikohozi Kina Alama Kumi

Jumatatu saa mbili asubuhi, kwenye chuo kimoja cha muziki pale Ijuganyondo, Mwalimu Mutembei alifungua daftari lake la mwaka themanini na saba akaanza kusoma.

"Ubunifu ni kutoa kitu kipya kutoka moyoni mwako. Nukta. Andikeni."

Wanafunzi thelathini na mbili wakaandika. Wengine waliandika mpaka neno nukta.

Kufikia mwaka wa pili, kila aliyenakili lile daftari alikuwa anaongea na kuimba kwa sauti ya Mwalimu Mutembei. Wasichana kwa wavulana, besi ileile ya mzee, na kikohozi chake kwenye mstari wa tatu. Sikukuu ya Krismasi, mmoja wao, Joanitha, aliimba hivyo kanisani kwao Rubafu. Waumini wakasema chuo kinafundisha kweli. Mchungaji akamwombea kifua.

Aliyebaki na sauti yake ni Benigna wa Kagoma. Zile wiki za kunakili alikuwa kwao anavuna kahawa, akarudi akapiga picha daftari la Avit, mwanafunzi mwenzake. Simu haina koo, haikupata shida.

"Wee binti, nakili kwa mkono," Avit akamwambia, kwa besi. "Shule ya Muleba inasubiri cheti chako. Bila cheti utafundisha migomba?"

"Unanisema wewe au mwalimu?"

"Sijui. Labda wote wawili."

Siku ya mtihani Benigna aliimba wimbo aliotunga mwenyewe, wa kahawa iliyoanikwa na mvua inayokuja. Mlinzi aliacha geti wazi akaja dirishani. Jikoni maharage yaliungua na mpishi hakujali. Mwalimu Mutembei alikuwa anaangalia karatasi ya alama.

"Kukohoa, alama kumi. Hujakohoa."

"Mwalimu, mimi siumwi."

"Na ubunifu huna. Wenzako wote wameimba hivi, wewe umeimba vile. Unajitungia tu."

"Si mtihani wa kutunga, mwalimu?"

"Wa kutunga kama ulivyofundishwa."

Akapewa sapu, arudie baada ya wiki mbili. Benigna akaweka simu chini, akachukua peni. Daftari lilikuwa na kurasa tisini na nne. Ukurasa wa arobaini sauti ikakwaruza. Wa sitini ikashuka. Wa mwisho alikohoa vizuri sana, Avit akamletea maji na kumpongeza.

Alipata themanini na moja. Mwalimu Mutembei akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Hatimaye umejipata.*

Mchana huohuo akapiga simu nyumbani. Mama yake, Kokwijuka, alikuwa shambani anapalilia maharage.

"Shikamoo mama. Matokeo yametoka, ni mazuri."

Mama akatupa jembe, akajifunga kanga upya, akasimama wima kama mtu aliyefikiwa na mgeni mkubwa.

"Usiniamkie waitu, mheshimiwa wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo mwalimu! Asante sana, waitu, asante. Mimi nilijua tu. Huyo mtoto akiimba hapa majirani wanaacha kupika. Tafadhali mpe simu, nimsikie hata kidogo."

Benigna akaiangalia simu. Akakohoa pale pale panapotakiwa.

"Yupo darasani, mama," akasema. "Anaandika."