Nimeshakula Jikoni

Nyumbani kwa Abdel-Sattar, fundi cherehani wa mji wa Tanta, kuku alikuwa na wenyewe. Kidari cha baba, mapaja ya wanawe Wagdi na Shaker, na mabawa vilevile yao, eti wavulana wanakua. Kuku alipikwa Alhamisi kwa Alhamisi, na mwenye upawa ndiye aliyegawa. Zamani alikuwa mama yao, Bi Insaf. Alipofariki, upawa ukamwangukia Ibtisam, binti wa miaka kumi na minne, na hakuna aliyemuuliza kama anauweza.

"Na wewe?" baba alikuwa akiuliza, macho kwenye sahani.

"Nimeshakula jikoni, baba."

Jikoni alikula nini? Mkate wa kuchovya kwenye mchuzi, amesimama, na gilasi ya chai nzito ya kudanganyia njaa. Maneno yenyewe hakuyabuni. Aliyasikia kwa mama yake tangu utotoni, akadhani ndivyo mwenye jiko anavyosema.

Sebuleni walikuwa wakibishana mpira na kucheka. Yeye aliwasikia akiwa anasugua masufuria.

"Wee njiti, usisimame dirishani upepo ukakubeba!" Wagdi alimtania.

Alicheka naye. Angefanyaje?

Siku moja alianguka shuleni wakati wa mazoezi. Muuguzi akamvuta kope ya chini, akaguna.

"Huna damu, mwanangu. Umri huu ndio mwili unajenga mifupa na damu. Unataka nyama, maini, mayai, dengu, maziwa. Na chai usinywe na chakula, inakunyima faida yake. Kwani kwenu hamli nyama?"

"Tunakula. Kila Alhamisi."

Tunakula, jamani! Mtoto kajihesabu na walaji.

"Basi mwambie baba yako akuangalie. Ukiendelea hivi hutakua."

Hakumwambia. Kusema ni kudai kipande kilichomo kwenye sahani ya mtu, na mtu pekee ambaye asingemwonea haya alikuwa kaburini. Usiku ule alilala amekumbatia shali ya mama yake, na alijiona hana mtu duniani.

Ikafika siku ya kushonewa sare mpya. Baba akamzungushia futi kiunoni, akampima bega, akampima urefu, akafurahi.

"Mashallah! Vipimo vilevile vya mwaka juzi. Hunitii hasara wewe."

Mara akaiweka futi upya.

"Hebu simama wima."

"Nimesimama, baba."

Fundi mzima, anayewapima watoto wa mtaa mzima na kuwaachia mama zao upindo wa kufumulia kwa kuwa watoto wanakua! Aliikunja futi taratibu.

Alhamisi ikaja. Ibtisam akagawa kama kawaida.

"Na wewe?" Safari hii baba alikuwa anamtazama usoni.

"Nimeshakula jikoni, baba."

Abdel-Sattar akainuka, akaenda jikoni. Aliona sufuria tupu, kipande cha mkate na gilasi ya chai. Alitafuta mfupa, hata mmoja, hakuuona. Aliporudi mlangoni alikuwa ameshika ukuta.

"Mama yako naye alikuwa akisema hivyohivyo."

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa akila?"

Ibtisam angeweza kumficha, kama alivyofichwa miaka yote. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana, baba. Mimi ndiye niliyekuwa naye kule. Alikuwa anachovya mkate."

Wagdi aliacha kutafuna. Baba akachukua sahani yake yenye kidari, akaiweka mbele ya binti yake, akamvuta mkono akae.

"Kula, mwanangu. Kula nikuone."

Alikula. Nyama ilikuwa imepoa, na machozi yaliingia mdomoni pamoja na tonge. Wote watatu walimtazama mpaka akamaliza, na yeye alikuwa akiwaza jambo moja tu: laiti mtu angeinuka akaenda kule jikoni wakati mama bado yupo.